Swali Lililobaki Nje

Saa nane usiku, Kileleshwa. Baridi ya Julai
imekalia geti kama mwenye nyumba.
Kibandani kwangu: chupa ya chai ya rangi,
daftari la wageni lililovimba kwa umande,
na kompyuta ya mitumba kutoka Luthuli
isiyo na kitufe cha K. Nabonyeza pengo lake
kwa kijiti cha kiberiti.

Mwezi wa tatu huu najifundisha kuandika programu.
Nilitaka kadogo tu, kafanye kazi yangu:
Jina lako? Kitambulisho? Unaenda kwa nani?
Halafu: Kuna mgeni mwingine?
Nikisema ndiyo, irudi juu, iulize upya.
Nikisema hapana, ifunge daftari, ilale.

Haikulala.
Niliwaandika wapangaji wote wa jengo,
nikamwandika muuza mboga, nikamwandika paka.
Jina lako? Jina lako?
Nikachoka, nikaandika hapana.
Ikapokea: mgeni anaitwa Hapana,
kitambulisho Hapana, anaenda kwa Hapana.
Ikamkaribisha.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, tuliambiwa,
lakini sakafu yangu haikuwa na ukingo.
Wenye ujuzi huu huuita mzunguko kitanzi.
Usiku ule shingo yangu iliwaelewa.

Saa kumi na moja Chelagat wa nyumba kumi na mbili
alirudi kutoka zamu; hulinda mitambo ya benki,
kama mimi nilindavyo magari yao.
Akainama dirishani, akasoma,
kidole kikitembea hewani bila kugusa kioo.
"Hili swali la mgeni mwingine, unaliuliza wapi?"
"Hapo juu. Kabla ya kuanza kuzunguka."
"Na ukishaanza?"
Nikanyamaza.
"Basi itajuaje kwamba umebadili neno?
Inazunguka na lile jibu la kwanza,
imelishika kama risiti ya mwaka juzi."
Akapiga mwayo, akapanda ngazi, viatu mkononi.

Nikaliandika swali tena, safari hii ndani,
mstari wa mwisho, nafasi nne kutoka ukingo
ili lisimame sawa na wenzake.
Nikajaribu. Jina lako?
Vidole vikaandika Wabwile kabla sijavituma.
Mgeni mwingine? Ndiyo. Ikarudi juu.
Mgeni mwingine? Hapana.
Ikatoka. Kimya. Kistari kikapepesa
kama mtu aliyeamka akasahau ndoto.

Ningeliacha hapo. Lakini mkono haukutulia:
mgeni mwingine?
Nikaandika bado.
Ikafunga daftari papo hapo.
Kila kisicho ndiyo, kwake, ni hapana.

Wabwile ni kaka yangu.
Miaka sita iliyopita nilikula karo ya mwanawe,
muhula mzima, na sitasema niliilia nini.
Nilisafiri hadi Kimilili kuomba radhi.
Alikuwa mlangoni, jembe begani, tope hadi magotini.
Nikamwuliza mara moja: Umenisamehe?
Akasema: Bado.
Nikapanda basi la usiku huohuo.
Tangu siku ile, kila Krismasi, kila matanga,
nimekuwa nikijijibu kwa niaba yake,
na kijana yule sasa ana ndevu,
nimeziona pichani.

Nikaongeza mistari miwili:
jibu likiwa si ndiyo wala hapana,
usifunge. Uliza tena.
Kijiti cha kiberiti kilivunjika kwenye K ya mwisho.

Kumepambazuka. Namba yake haimo kwenye simu;
imo kidoleni, tarakimu kumi,
nimefika ya saba.
Honi inalia nje: pikipiki ya maziwa,
ileile, mtu yuleyule, kofia ileile ya manyoya.
Naweka simu juu ya daftari, kioo bado kinawaka,
nafungua geti upana wa mkono.
"Jina lako?" namwuliza.
Anacheka, lakini anajibu.